Uzi: Nilikoroga fujo kwenye kompyuta, ikajipanga yenyewe. Vizingia vidogo vinaulishaje mkondo mkubwa?

Mkorogo (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Kuna jambo limeninyima usingizi wiki tatu. Niliandika programu ya kuiga mwendo wa giligili ya 2D, yaani majimaji yaliyo bapa kabisa, yanakwenda mbele, nyuma na pembeni tu, hayana kina. Kisanduku cha mraba: ukitokea ukingo wa kulia unaingilia kushoto, ukitokea mbele unarudia nyuma. Gridi ya 512 kwa 512. Kila hatua ya muda naikoroga kwa misukumo midogomidogo ya kubahatisha, kila pahala sawa, na ukiijumlisha yote haielekei upande wowote.

Nilitegemea fujo tupu. Mwanzoni ndivyo ilivyokuwa: vizingia vidogo (namaanisha vile visulisuli vya maji vinavyojizungusha) vimejaa kama upele. Kisha vikaanza kufuatana, kuzungukana, kumezana. Nilipoamka asubuhi vimebaki viwili tu, kimoja kinazunguka kulia, kingine kushoto, kila kimoja kimekamata karibu nusu ya kisanduku. Na nishati inapanda tu, mstari umenyooka kama rula.

Nikajua nimekosea alama ya mnato. Nimeikagua mara nne. Nikafuta sehemu ya Fourier (ile inayovunja mwendo kuwa mawimbi) nikaiandika upya. Vikaja vilevile viwili.

Darasani tulifundishwa kwamba msukosuko ni sawa na mnato mkubwa: unachukua mkondo uliotulia, unaumega vipande, vipande vinamegwa tena, mwisho nishati inakuwa joto. Hapa naona kinyume. Fujo inajenga. Naomba shule.

---

Rula_Mbovu

Nipo paleee nasubiri wajuzi.

---

BintiHesabu

Mkuu Mkorogo, programu yako haina kosa. Acha kuifuta.

Ulichofundishwa ni habari ya 3D, yaani maji yenye kina, ile nadharia ya mwanahisabati Kolmogorov ya 1941. Kule nishati inateremka kutoka vizingia vikubwa kwenda vidogo kwa sababu mrija unaozunguka ukivutwa kwa urefu unakuwa mwembamba na kuzunguka kwa kasi zaidi, kama mchezaji wa barafuni anayekunja mikono. Kwenye 2D hakuna mwelekeo wa kuuvuta huo mrija. Mhimili wa kila kizingia umesimama wima kutoka kwenye karatasi, na karatasi haina unene. Kwa hiyo kila punje ya maji inatembea na kiasi chake cha kujizungusha, tuite votisiti, bila kuongezewa wala kupunguzwa, ukiacha mnato na huo mkorogo wako.

Hilo linakupa akiba mbili badala ya moja. Kuna nishati, na kuna jumla ya votisiti kipeo cha pili, inaitwa enstrofi. Zote mbili lazima zitoshe kwenye mahesabu.

Chukua kalamu. Weka nishati 1 kwenye namba ya wimbi k (k ikiwa kubwa, kizingia ni kidogo). Enstrofi yake ni k² mara nishati, tuseme 1 pia kwa kipimo hicho. Sasa igawanye: sehemu moja, A, iende kwenye vizingia vyenye ukubwa mara mbili (k/2), nyingine, B, iende kwenye vyenye nusu ya ukubwa (2k).

Nishati: A + B = 1.
Enstrofi: A/4 + 4B = 1.

Jibu ni A = 0.8 na B = 0.2. Asilimia 80 ya nishati imepanda kwenda kwenye vikubwa. Na enstrofi? A/4 ni 0.2, 4B ni 0.8. Asilimia 80 ya enstrofi imeshuka kwenda kwenye vidogo. Hakuna namna nyingine ya kuigawa kati ya hizo mbili bila kuvunja moja ya sheria.

Wazo hili ni la Fjørtoft, 1953. Kraichnan ndiye aliyelifanya nadharia kamili mwaka 1967: nishati inapanda kwa mwinuko wa k kipeo cha −5/3, enstrofi inashuka kwa kipeo cha −3. Ndiyo maana vizingia vyako vinamezana.

---

Rula_Mbovu

Dada umetema madini. Nimefanya hiyo A na B nyuma ya risiti, imekubali.

---

Mkorogo

BintiHesabu nashukuru sana. Nimeelewa kwa nini vinakua. Ila kuna kitu hakijakaa. Vile viwili vya mwisho vikishakuwa vikubwa, vidogo vinavyozaliwa karibu navyo havionekani vikipanda ngazi kwa ngazi. Vinanyooshwa tu vinakuwa nyuzi na kupotea. Hakuna kumezana tena. Lakini nishati bado inaingia kwenye vikubwa! Inapitia wapi?

---

Mzee wa Pepo

Hilo ndilo swali lenyewe, kijana. Hadithi ya ngazi kwa ngazi ni nzuri hadi mkondo mkubwa unapozaliwa. Ukishazaliwa unabadilisha utaratibu wa nyumba nzima. Kuanzia hapo kizingia kidogo hakimpi mwenzake aliyemzidi kidogo, kinapeleka moja kwa moja kwa mkubwa. Na hizo nyuzi ulizoziona ndizo risiti ya malipo.

Fikiria mkondo ambao kasi yake inaongezeka kadiri unavyosogea upande mmoja, kama watu wanaotembea kwa safu, wa kushoto polepole, wa kulia mbio. Weka ndani yake kizingia chenye mistari ya votisiti. Mkondo unailaza hiyo mistari, kila dakika inalala zaidi na kukaribiana zaidi. Votisiti ya kila mstari haibadiliki (BintiHesabu kashasema, punje inatembea na yake). Lakini mistari ikikaribiana, kasi inayotokana nayo inapungua, maana kasi ni votisiti gawanya kwa k, na k inakua. Kasi ikipungua, nishati ya kizingia imepungua.

Imekwenda wapi? Mnato haujaigusa bado. Jumla haibadiliki. Basi mwenye kuipokea ni mmoja tu: mkondo uliokuwa unakilaza. Kizingia kinanyooshwa, na kwa kunyooshwa kinamlipa anayekinyoosha. Orr aliandika hesabu hii mwaka 1907, kabla hata watu hawajazungumza habari ya 2D kama tunavyozungumza leo.

---

Sumaku

Mzee heshima yako, lakini hapo naomba kupinga. Kizingia kinaweza kuzaliwa kimeinamia upande wa pili, dhidi ya mkondo. Hicho mkondo utakisimamisha kwanza kabla ya kukilaza. Kikisimamishwa mistari inaachana, k inapungua, nishati ya kizingia INAPANDA. Yaani kinamnyonya mkubwa. Na kwa kuwa mkorogo ni wa kubahatisha, nusu wameinama huku, nusu kule. Inakuwa sare.

---

Mzee wa Pepo

Sumaku, nusu ya kwanza umepata. Endelea na hesabu, usishuke njiani.

Huyo aliyeinama vibaya anakopa kwanza, kweli. Lakini mkondo haumwachi pale aliposimama wima. Unaendelea kumlaza upande wa pili, hadi anarudi kwenye k aliyoanza nayo: mkopo umelipwa wote. Na bado haujamwacha. Anazidi kulazwa, anatoa sasa hata kile alichozaliwa nacho. Mwisho wa safari wote wawili, aliyeinama huku na aliyeinama kule, wamebaki na sifuri. Tofauti ni muda tu.

Sharti ni moja, na ni kubwa: mnato uwe mdogo kiasi cha kutowakamata kabla hawajamaliza kulipa. Ukiwakamata katikati, sehemu ya nishati inakwenda kwenye joto na mkondo unapunjwa.

---

Sumaku

Nimekubali. Nilishuka njiani.

Basi niongeze la upande wangu. Sisi wa plazma, yaani gesi ya joto kali yenye chaji za umeme, tunaliona hili kila siku. Ndani ya tokamaki, ule mtambo wenye umbo la bangili unaoshika plazma kwa sumaku, uga wa sumaku unailazimisha plazma iwe na tabia ya karibu 2D. Mlinganyo wa Hasegawa na Mima wa 1978 ukiuweka pembeni ya ule wa Charney wa hewa ya anga, ni pacha. Msukosuko wa plazma unatoa joto nje, hilo hatulitaki. Lakini msukosuko huohuo unazaa mikondo inayozunguka bangili, na mikondo hiyo inavilaza vizingia vilivyoizaa hadi vinakwisha. Vikiisha, mkondo unakosa chakula, unadhoofu. Ukidhoofu, vizingia vinarudi. Simba na swala.

Mwaka 1982 kwenye mtambo wa ASDEX kule Garching, Ujerumani, kundi la Fritz Wagner liliona plazma ikiruka ghafla kwenda kwenye hali ya kutunza joto vizuri zaidi. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba tofauti ya kasi ukingoni inakata msukosuko. Nani anaanza kumsukuma nani, bado watu wanabishana.

---

Kisiki

Wakuu samahani, mimi ni mtu wa mabomba. Nimekaa kwenye mabomba miaka kumi na tano, sijawahi kuona msukosuko ukimsaidia mtu. Ukiuona unanunua pampu kubwa zaidi. Hii 2D yenu iko wapi duniani? Hakuna kitu kisicho na unene.

---

BintiHesabu

Kisiki swali lako ni halali na kwenye bomba uko sahihi asilimia mia. Bomba ni 3D, vizingia vinachukua nishati kutoka kwa mkondo.

Lakini kuwa bapa si lazima uwe huna unene. Inatosha kitu kikuzuie kwenda wima. Anga letu: mifumo ya hali ya hewa ina upana wa maelfu ya kilomita, na tabaka inamokaa halina kina kinachozidi kilomita kumi na kitu. Ukijumlisha mzunguko wa Dunia na hewa iliyopangika nyepesi juu nzito chini, mwendo wa wima umebanwa.

Kuhusu maabara, Sommeria alichapisha mwaka 1986 jaribio la tabaka jembamba la zebaki ndani ya uga wa sumaku, akilikoroga kwa umeme, na nishati ikapanda kwenda kwenye vikubwa. Na lile ninalolipenda zaidi ni la 2011, la Xia, Byrne, Falkovich na Shats: walitumia tabaka nene, la kutosha vizingia kupinduka wima kama kwenye bomba lako. Kizingia kikubwa kilipotokea, chenyewe ndicho kilichozima mwendo wa wima. Yaani mkondo mkuu ulijitengenezea ubapa wake.

---

Kisiki

Hilo la mwisho limeniingia. Naendelea kusoma kimyakimya.

---

Mzee wa Pepo

Kisiki, inua macho usiku. Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote tulizonazo kuzunguka Jua, imevaa mistari. Ile mistari ni mikondo ya mawingu, mmoja unakwenda mashariki, jirani yake magharibi, mwingine una kasi inayozidi mita 100 kwa sekunde. Picha za vyombo vya angani, za Voyager za 1979, kisha za Cassini iliyopita pale mwishoni mwa 2000, ziliwapa watu nafasi ya kufuata mawingu madogo moja moja na kupima yanabeba momenta (tungamo mara kasi) kuelekea wapi. Yanaibeba kuelekea kwenye mkondo, si kutoka kwenye mkondo. Vidogo vinalisha.

Mbona huko ni mistari na kwa Mkorogo ni vizingia viwili? Kwa sababu sayari inazunguka, na athari ya mzunguko inabadilika ukitoka ikweta kwenda ncha. Badiliko hilo linazaa mawimbi ya Rossby. Kizingia kikikua hadi ukubwa fulani hakizunguki tena, kinageuka wimbi, na nishati inaona ni rahisi kulala mashariki-magharibi. Rhines alitoa kipimo hicho mwaka 1975: kipeuo cha pili cha kasi gawanya kwa hilo badiliko la mzunguko. Hapo ndipo mistari inapopata upana wake, kwa makadirio.

Na msifikiri ni habari ya sayari za mbali tu. Jeffreys alisema mwaka 1926 kwamba pepo za magharibi za Dunia haziwezi kudumu bila vizingia kuzipelekea momenta. Starr baadaye akaita jambo hili mnato hasi. Mimi jina hilo silipendi. Mnato hasi maana yake popote penye tofauti ya kasi panazidi kuchongoka bila kikomo, na sivyo inavyokuwa.

---

Mkorogo

Mzee, "bila kikomo" umenigusa pabaya. Nishati yangu inapanda bado. Kikomo kiko wapi?

---

BintiHesabu

Umesahau kuweka msuguano wa sakafu. Mnato unafanya kazi kwenye vidogo tu, na nishati yako imekimbilia kwa vikubwa, mnato hauifikii kirahisi. Ongeza neno linalopunguza kasi ya kila kitu kwa kiwango kilekile, alfa mara kasi. Kisha, ukiita nishati unayoingiza kwa kila sekunde epsiloni, nishati itatulia kwenye epsiloni gawanya kwa mara mbili ya alfa.

Alfa iwe ndogo. Ukiweka kubwa, msuguano utaikamata nishati njiani na vile viwili havitazaliwa.

Sasa zawadi. Vikishatulia, pima kasi ya kuzunguka ndani ya kizingia kikubwa, uanzie nje kidogo ya kiini hadi karibu na mwisho wake. Laurie na wenzake walionyesha mwaka 2014 kwamba kasi hiyo haitegemei umbali kutoka katikati. Ni kipeuo cha pili cha 3ε/α (ε ni epsiloni, α ni alfa), hapa na pale.

---

Rula_Mbovu

Hiyo 3 imetokea wapi tena? Dada usituache hivi.

---

BintiHesabu

Haya, mistari minne tu.

Acha U iwe kasi ya mkondo mkuu, r umbali kutoka katikati, na τ iwe momenta inayobebwa na vizingia vidogo kwenda nje. Mizania ya momenta inasema: badiliko la r²τ kwa kila hatua ya r ni −αU r². Ikiwa U haibadiliki, τ = −αUr/3. Alama ni hasi: momenta inaingia ndani.

Mizania ya nishati: kinacholiwa na msuguano pale, αU², ni sawa na kilichoingizwa palepale, ε, kuongeza kilicholetwa na vidogo kutoka nje. Weka hiyo τ, kilicholetwa kinakuwa theluthi mbili ya αU². Inabaki ε kuwa theluthi moja. Basi U² = 3ε/α.

Tazama maana yake lakini, msiishie kwenye herufi. Ukisimama ndani ya kizingia kikubwa, katika kila sehemu tatu za nishati inayoliwa pale, moja tu ilizaliwa hapo. Mbili zimeletwa na vidogo kutoka pembezoni. Kule mbali hakuna mkondo wa maana, lakini mkorogo upo. Nishati yake inahama.

Na nimedhani hapa kwamba vidogo havigusani, vinamjua mkubwa tu. Ni dhana kali. Inakubalika kwa sababu mkondo mkuu unavilaza haraka kuliko vinavyoweza kugombana.

---

Sumaku

Yaani msukosuko mkali kabisa unageuka rahisi kuhesabika kwa sababu mkubwa kawanyamazisha wadogo. Sikutegemea.

---

Mkorogo

Nimerudi wakuu. Siku nne kompyuta imechemka.

Nimeweka msuguano wa sakafu. Nishati ilipanda, ikapinda, ikalala. Nikapima kasi ndani ya kizingia. Katikati inapanda kwa haraka, kisha inakuwa bapa kwa sehemu nzuri ya njia, kisha inaanguka ninapokaribia jirani yake. Ubapa upo! Ila kasi yenyewe iko chini ya ile ya 3ε/α. Nadhani gridi yangu ni ndogo na mnato wangu unawakamata wadeni kabla hawajalipa, kama alivyoonya Mzee.

Kisha nikafanya utundu. Nikarefusha kisanduku, upande mmoja mara mbili ya mwingine, mengine yote kama yalivyo. Viwili havikuja. Imekuja mistari: mikondo miwili imenyooka, mmoja unakwenda huku, mwingine unarudi, ikipita upande ule mfupi.

---

Mzee wa Pepo

Bouchet na Simonnet waliliona hilo, 2009. Sasa usikirefushe sana. Kifanye kiwe mraba kasoro kidogo tu, kisha ukiache kwa muda mrefu sana. Utaona kinakaa kwenye mistari, halafu bila kuguswa kinahamia kwenye vizingia viwili, halafu kinarudi.

---

Mkorogo

Bila kubadilisha kitu chochote?

---

Mzee wa Pepo

Chochote. Bahati ya mkorogo tu. Ila andaa subira, na feni ya hiyo kompyuta.

---

Mkorogo

Nimewasha sasa hivi, 1.05 kwa 1. Nitaweka picha hapahapa ikigeuka.